Zoezi la Kumi na Mbili

Ujumbe wa sauti wa Thuraya ulinikuta juu ya ngazi mjini Nakuru, nikipaka rangi ukuta wa duka la dawa. Nilishuka, nikafuta mikono, nikasikiliza. "Kaka Mutiso, Bibi anakusalimu. Anasema katimiza miaka tisini na hana nia ya kuzeeka zaidi ya hapo, kwa hivyo usipokuja mwaka huu usije tena. Wanafunzi wangu wanapiga muziki Alkhamisi ya mwisho wa mwezi. Njoo na masikio yako." Nyuma yake sauti ya kikongwe ikadakia, "Mwambie chumba chake sijampa mtu." Nilimaliza ule ukuta, kwa sababu rangi ilikuwa imeshakorogwa, kisha nikaanza kutafuta tiketi. Sasa nimeketi katika chumba kilekile cha uani, Azaiba, Maskati, kiyoyozi kikinguruma kama mtu anayesafisha koo, na nimeamua kuandika habari za mwaka mmoja tu, ule niliokaa hapa nikiwa na miaka ishirini na minne. Miaka yangu mingine niliipita mbio. Niliacha shule kidato cha pili, nikaacha kazi nyingi kuliko ninavyoweza kuzikumbuka, na kila nilipoulizwa sababu nilijibu kwamba nataka kuona kilichoko mbele. Mwaka ule ndio pekee ambao kilichokuwa mbele yangu kilinitosha.

Ulianzia Wattaya, kwenye duka la magari nilikokuwa nikiosha vioo. Wakati huo nilikuwa nikilala Ruwi, Wakenya sita katika chumba kimoja, na asubuhi tulipokezana sufuria moja ya chai. Siku hiyo aliingia mzee mrefu mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri na kofia ya kazi ya mkono, na nyuma yake dereva wa teksi amebeba kitu kikubwa ndani ya mfuko mweusi, kama mtu mnene aliyezimia. Muuzaji alianza kueleza nguvu za injini. Mzee akamkata. "Injini zote zinakwenda. Mie nnataka kujua kiti cha mbele kinarudi nyuma kiasi gani." Kisha akamwomba dereva alitie lile fuko kwenye kiti. Wauzaji walichekeana kwa Kihindi. Mimi niliacha ndoo yangu nikasogea, maana sijawahi kuona kitu nisichokijua nikakipita. Niliuliza ni nini. Akasema ni chelo. Niliuliza chelo ni nini. Akasema ni fidla iliyokula ikashiba. Niliuliza kwa nini lisiwekwe nyuma. Akanitazama. "Wewe una maswali kuliko huyu ana majibu. Unajua kuendesha?" Nikasema najua. "Unayo leseni ya hapa?" Nikasema nitaipata. Akacheka, akamgeukia muuzaji, akamwambia gari analichukua, na mwosha vioo pia, makaratasi yatakapokamilika.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika nyumba ya Babu Nassor na mkewe, Bi Zuwena. Walikuwa watu wa Unguja waliorudi Omani zamani, na nyumba yao ilisema Kiswahili jikoni, Kiarabu mlangoni, na vyote viwili kwenye simu. Kiswahili changu cha bara kiliwachekesha. Nikisema "sasa hivi nakuja", Bi Zuwena alirudia maneno yangu kwa lafudhi yangu mpaka na mimi nikacheka. Alinilisha kana kwamba Wakenya wamekatazwa kula kwao: wali wa nazi, mchuzi wa pweza, mkate wa kumimina ambao hadi leo nikisikia harufu ya iliki naona sahani yake ya bluu. Kila siku baada ya sala ya alasiri kahawa ililetwa sebuleni pamoja na tende, mapazia yakafungwa nusu kwa ajili ya jua, na Babu Nassor akalitoa chelo mfukoni. Ujana wake aliupitisha katika klabu ya taarab, kwenye safu ya nyuma, akidonoa sauti za chini ili wenye fidla na wenye ala ya kanuni wapate pa kusimama. Lakini jioni za nyumbani hakupiga taarab. Alifungua kitabu kilichobanduka jalada, akaegemeza kichwa karibu na vigingi vya kukazia nyuzi, na kabla hajagusa chochote akasema, "Bwana Yusufu, kwa idhini yako." Jikoni Bi Zuwena, bila kuacha anachokifanya, alijibu, "Ruhusa." Hapo ndipo upinde ulipotua.

Siku ya tatu sikuweza kuvumilia. Niliuliza Bwana Yusufu ni nani. Babu alinieleza kwamba katika klabu yao huwezi kupiga wimbo wa mtu bila kumwomba ruhusa, awe hai au amekufa, na akiwa amekufa lazima pawepo wa kumjibia. Bwana Yusufu alikuwa Mjerumani aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mpiga chelo na mtunzi wa muziki. Jina lake lilikuwa Josef, na la ukoo lilikuwa refu mno kwa kinywa cha mtu yeyote wa nyumba ile. Kitabu kilikuwa chake: mazoezi ishirini na manne ya chelo. Babu alipewa kitabu hicho Unguja, akiwa kijana, na Mgoa mmoja wa bendi aliyekuwa akihama. Kwa vile Babu hakujua kusoma noti, yule Mgoa alikaa siku nzima akamwandikia kwa penseli, juu ya kila noti ya zoezi la kumi na mbili, namba ya kidole, na chini yake namba ya uzi. Urefu wa kila noti alimfundisha kwa kugonga meza. Kisha akapanda meli. "Juu kidole, chini uzi," Babu aliniambia akinionyesha ukurasa uliokuwa umekuwa laini kama kitambaa. "Mtu akishaambiwa aweke kidole gani wapi, kimebaki nini tena?" Alikuwa amelipiga zoezi hilo moja kwa miaka hamsini. Harusi zote za ukoo zilifunguliwa kwa hilo. Lilikuwa zuri kwa namna ambayo sikuijua: lilipanda kama mtu anayetaka kuuliza jambo, kisha likageuka katikati, likashuka upande usioutegemea, na kila mara lilipogeuka nilihisi nimeguswa bega.

Mwanzo wa kitabu palikuwa na kurasa nne za Kiingereza ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma. Mimi, mwenye Kiingereza cha kidato cha pili na kamusi iliyochanika herufi tatu za mwisho, nikajipa kazi hiyo. Kila alasiri nilisoma kipande, nikakieleza kwa Kiswahili. Ndivyo tulivyopata kujua kwamba Bwana Yusufu alikuwa mtoto wa mwoka mikate, na kwamba alizunguka miji kwa magari ya farasi akilipia viti viwili, kimoja chake na kimoja cha chelo. Babu aliposikia hivyo alimgeukia mkewe. "Umesikia? Na wewe ulisema nimerukwa na akili kununua gari kwa kupima kiti." Tulijua kwamba alitunga muziki mkubwa wa kumbi kubwa, watu wakamshangilia, na kabla hajazeeka wakamsahau. Aliyeandika kurasa zile alisema kilichobaki cha maisha yake yote ni mazoezi haya, aliyoyatunga kwa ajili ya mwanafunzi mmoja ambaye jina lake halijulikani. Babu akala tende, akasema, "Mwanafunzi huyo ni mie. Nimechelewa tu."

Alisema kwa mzaha, lakini baadaye nilijua hakuwa na mzaha. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa. Asubuhi alivikunjua kimoja kimoja juu ya kikombe cha chai. Thuraya, mjukuu wake aliyekuwa chuo kikuu, alikuwa amesikia habari za mwanamke wa Kiarmenia, Madamu Anahit, mpiga chelo wa okestra, aliyewahi kuyafundisha mazoezi ya Bwana Yusufu kwao. Babu akamtuma amwombe miadi. "Nnataka mtu mmoja tu anayemjua Bwana Yusufu anisikie kabla mikono haijafa," alisema. "Aniambie kama mie ni mwanafunzi wake kweli au nimejiita tu." Madamu akakubali, akatoa miadi ya wiki sita mbele, Alkhamisi saa nne asubuhi. Kutoka hapo nyumba nzima iliishi kwa ajili ya siku hiyo. Bi Zuwena alishona kanzu mpya. Babu alipiga mara tatu kwa siku badala ya moja.

Ijumaa, siku ya mapumziko huku, nilikuwa nikienda kanisani Ruwi, na nikitoka huko nilipitia kwenye duka la intaneti karibu na stendi ya mabasi. Siku moja nikaliandika lile jina refu la Bwana Yusufu, herufi kwa herufi kama lilivyo kitabuni, na namba kumi na mbili. Nilivaa vile visikilizio vyao vyenye jasho la watu wengine. Akatokea msichana wa Ulaya mwenye chelo, akapiga. Sikuutambua wimbo. Nilidhani nimekosea namba. Nikatafuta mwingine, mwanamume mwenye ndevu, akapiga kilekile alichopiga msichana. Nilirudi Ijumaa ya pili, na ya tatu, na kitabu cha Babu nimekiazima kwa kisingizio cha kusoma. Watu wanne, nchi nne, ukurasa uleule, na hakuna hata mmoja aliyepiga kile kitu ninachokisikia kila alasiri Azaiba. Chao kilipanda na kushuka vizuri, kwa adabu. Hakikugeuka popote. Nilikaa pale nikijua kwamba namwendesha mzee kwenda kuambiwa kwamba miaka hamsini alikuwa akipiga makosa.

Nilimwendea Bi Zuwena jikoni. Alikuwa akikaanga sambusa. "Bibi, kuna jambo."

"Umevunja gari?"

"Hapana."

"Umevunja moyo wa mtu?"

"Bado," nikasema, nikamweleza yote. Alipunguza moto. Aliuliza kama nimesikiliza vibaya, nikamwambia Ijumaa tatu, watu wanne. Akaipua sambusa moja akaiweka kwenye karatasi, akaitazama. "Siku ya posa yangu," alisema, "wazee wamekaa barazani wanavutana, yeye kakaa chumba cha pili anapiga hichohicho. Baba yangu kasikiliza, kasema kijana anayepiga hivi ana subira, mpeni. Nkaolewa. Sasa wewe unnambia nimeolewa kwa wimbo wa nani?" Nikasema sijui. "Basi mwambie. Mwambie wewe, kabla ya Alkhamisi. Asiende akaambiwa na mgeni."

Nilikubali, na siku zikapita, na sikumwambia. Jumatano nilifanya nilichozoea kufanya mambo yanapobana: nilifunga begi. Rafiki yangu wa Ruwi alikuwa amesikia kazi Sohar, na basi liliondoka alfajiri. Naweza kusema nilibaki kwa ushujaa, lakini si kweli. Nilibaki kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kulifunga chelo mkanda. Ilikuwa na namna yake, mkanda upite chini ya shingo na taulo liwekwe ubavuni, na nilipomfikiria Thuraya akihangaika nalo asubuhi, niliona aibu kuliko woga.

Alkhamisi chelo lilikaa mbele, limefungwa mkanda, na Babu nyuma kama waziri. Thuraya, aliyepaswa kututafsiria, alikuwa na mtihani, kwa hiyo kazi hiyo nayo ikaniangukia. Njiani nikaanza, "Mzee, ikitokea kwamba huyo mama—"

"Usinitie khofu, Mutiso," akasema. "Nna khofu yangu mwenyewe, inanitosha."

Madamu Anahit alikaa ghorofa ya tatu, nyuma ya maduka yaleyale ya magari nilikookotwa. Sebule yake ilikuwa na zulia jekundu, sahani ya matunda makavu, na chelo lake limeegemea ukuta kama mgeni aliyefika kabla yetu. Alitupa kahawa nzito isiyo na iliki. Babu aliinusa, akainywa yote kwa heshima, akanong'ona kwa Kiswahili, "Maskini." Kisha akakaa, akaegemeza kichwa, akasema, "Bwana Yusufu, kwa idhini yako." Akangoja. Upinde ulibaki hewani. Nilichukua muda kuelewa kwamba anangoja ajibiwe, na jikoni hapakuwa na Bi Zuwena. "Ruhusa," nikasema. Akapiga.

Sijawahi kumsikia akipiga vile. Alipomaliza, Madamu alikuwa ameweka kikombe chini. Alisema kwa Kiingereza kwamba ni jambo la ajabu, kwamba anaijua kazi yote ya mtunzi huyu, na hii si yake, si zoezi la kumi na mbili wala zoezi lolote, na angependa sana kujua limetoka wapi. Babu akanigeukia. Vidole vyake vilikuwa bado juu ya nyuzi.

"Anasema ni vizuri," nikasema.

Babu alinitazama. "Kasema maneno hamsini kwa Kizungu, kwa Kiswahili yamekuwa matatu?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, sentensi kwa sentensi, macho yangu kwenye zulia. Babu alimnyooshea Madamu kitabu. Madamu aliutazama ukurasa, akatazama zile namba za penseli, akatazama mkono wa Babu, kisha akainama na kuzidonoa nyuzi za Babu moja moja. Ya kwanza kutoka chini, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, nyusi zikapanda. Ya nne, akaanza kucheka, si kwa dharau, bali kama mtu aliyeona funguo alizotafuta zimo mkononi mwake. Alinieleza nami nikaeleza. Katika taarab, nyuzi mbili za juu hushushwa hatua moja ili chelo liongee lugha moja na udi na mwimbaji. Babu alizishusha akiwa kijana na hakuzipandisha tena. Mgoa aliandika namba kwa chelo la Kizungu, na Babu akaziweka kwenye chelo la klabu. Kila kidole kilikuwa mahali pake. Nyuzi ndizo hazikuwa mahali ambapo Bwana Yusufu aliziacha, na kila mara wimbo ulipovuka kutoka nyuzi za chini kwenda za juu, uligeuka.

Kisha Madamu alichukua chelo lake, akalipiga zoezi kama lilivyoandikwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Babu Nassor akamsikia Bwana Yusufu. "Hiyo ndiyo yake?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. "Mwambie arudie." Madamu akarudia. "Imenyooka," Babu akasema mwishowe. "Imenyooka kama barabara ya Sohar." Akashusha upinde mapajani. "Sasa muulize. Mie basi ni mwanafunzi wake au si mwanafunzi wake?"

Niliuliza. Madamu aliinua mkono kwenye vigingi vya chelo lake, akalegeza uzi mmoja wa juu, ukashuka ukilia, kisha mwingine. Akazipatanisha na za Babu, akadonoa, akasikiliza, akadonoa tena. Akakivuta kiti mpaka magoti yao yakakaribiana, akainua kidole cha kwanza cha mkono wa kushoto na kumwonyesha kana kwamba anauliza: hiki? Babu aliutazama mkono ule. "Moja," akasema. "Halafu tatu, uzi wa pili. Mutiso, mwambie asikaze bega." Baada ya hapo sikuwa na kazi. Walielewana kwa namba. Tulitoka pale adhana ya adhuhuri ikiita.

Tuliyapita maduka ya magari, chelo mbele, Babu nyuma. Nikaona kwenye kioo mabega yake yakitikisika, nikadhani analia, nikapunguza mwendo. Alikuwa anacheka. "Miaka khamsini," akasema. "Namwomba ruhusa mtu kwa kitu asichokijua." Alifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Na wewe ulijua."

"Nilijua, Mzee."

"Na begi umelifunga. Zuwena kaliona. Ulibaki kwa nini?"

"Mkanda wa chelo," nikasema.

Akalifikiria hilo. "Sababu nzuri," akasema.

Bi Zuwena alikuwa mlangoni. Alisikiliza habari yote, mkono kiunoni. "Khaa. Kwa hivyo miaka yote nimemjibia Mjerumani kwa jambo lisilomhusu." Kisha akamtazama mumewe kama mtu anayemwona mara ya pili. "Na wimbo nlioolewa nao ni wako."

"Ndivyo wanavyosema."

"Ungesema mapema ningekupikia vizuri zaidi."

Miezi iliyobaki ya mwaka ule Madamu alikuja kila Jumanne. Alizoea iliki. Babu alipiga, yeye akaandika noti kwa wino, na Thuraya, ambaye hadi hapo alikuwa akilipangusa chelo vumbi tu, akaanza kujifunza, kwanza kwa namba, kisha kwa noti. Karatasi ilipokamilika Madamu aliacha nafasi juu, akaniambia nimuulize Babu aandike jina gani la mtunzi. Babu aliwaza mpaka kahawa ikapoa. "Aandike: Nassor, mwanafunzi wa Yusufu," akasema. Na hakuacha kuomba ruhusa. Nilimuuliza kwa nini, sasa kwa kuwa wimbo ni wake. Akanishangaa. "Bila kitabu chake ningeweka vidole wapi?"

Niliondoka mwaka ulipokwisha, kama kawaida yangu, na hakunizuia. Alinifungia begi yeye mwenyewe. Nimefanya kazi bandarini, shambani na hotelini tangu hapo, na alipofariki nilikuwa mahali pasipo simu, nikajua baada ya mwezi. Sikuwahi kumwambia kwamba mtu aliyeacha shule kidato cha pili alipata mwalimu katika nyumba yake. Nadhani alijua, lakini kujua kwake hakuniondolei deni la kusema, kwa hiyo nalisema hapa.

Juzi Alkhamisi, baada ya alasiri, nilishika usukani tena, nikawapeleka Thuraya na Bi Zuwena. Gari ni jingine, lakini chelo la Babu lilikaa mbele, na Thuraya, ambaye sasa ana watoto wawili na wanafunzi kumi na wawili, hakujaribu kulifunga. Alinipa taulo tu. Ukumbini Bi Zuwena aliketi safu ya mbele katika kiti chake cha magurudumu, akinitajia kwa sauti kubwa nani kaoa nani. Wanafunzi wakapiga kwanza zoezi la kumi na mbili kama lilivyoandikwa, lililonyooka, na watu wakapiga makofi kwa adabu. Kisha, bila kuambiwa, mikono kumi na miwili ilipanda kwenye vigingi. Nyuzi zikashuka zote pamoja, zikilia, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu ile sebule yenye zulia jekundu, na Bi Zuwena akanyamaza katikati ya jina la mtu. Mdogo wao kuliko wote, msichana mwenye mapengo mawili, akaegemeza kichwa kwenye chelo la Babu lililomzidi kimo.

"Babu Nassor," akasema, "kwa idhini yako."

Upinde wake ulibaki hewani. Kando yangu Bi Zuwena aliinua kidevu.

"Ruhusa, mwanangu," akajibu.